Kumtafuta Sheikh, Kumtafuta Msimamizi: Safari ya Elimu kutoka Barawa hadi Columbus

Ijaza ya mwanachuoni wa pwani haikuwa cheti cha jengo. Ilitaja mtu: fulani kasoma kitabu fulani kwa sheikh fulani, na sheikh huyo kwa sheikh wake, mpaka silsila ikamfikia mwenye kitabu. Kwa hiyo aliyetaka kuzidisha elimu alikuwa na maswali mawili kabla ya kufunga safari. Je, safari yenyewe inafaa, na nyumbani wapo wanaomtegemea? Na akifika huko, asome kwa nani?

Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847, aliyajibu kwa kwenda Baghdad. Alisoma kwa Sayyid Mustafa bin Salman, wa nyumba ya Sayyid Abdulqadir al-Jilani, akarudi na ijaza ya tariqa ya Qadiriyya. Tariqa ikaenea Benadir, Unguja na bara, naye akaifundisha kwa mashairi ya Kiarabu, Kisomali na Kibarawa mpaka alipouawa mwaka 1909. Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija mwaka 1861, alisafiri Hadhramaut. Baadaye aliuacha ukadhi wa Unguja akaenda Istanbul, Misri na Makka, kisha akarejea Unguja kuendelea na kazi hiyo hiyo.

Habari za watu hawa tunazo kwa sababu Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliziandika katika *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika*. Humo mwanachuoni hutajwa pamoja na masheikh wake na wanafunzi wake. Msomaji ataona kwamba wakubwa wale hawakutegemea sheikh mmoja. Huyu alimfunza fiqhi, yule nahau, mwingine falaki.

Maswali yale mawili leo yanaulizwa Columbus, Ohio. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya Wabarawa. Wengi walipitia Mombasa, na baadhi yao wakafika Marekani, wakiwemo waliotua Columbus. Kando ya barabara ya High Street upo mtaa wa University District, uliokua ukikizunguka chuo cha Ohio State, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1873. Kijana wa Kibarawa aliyemaliza shahada ya kwanza hapo anasikia sauti mbili nyumbani. Mmoja anamwambia, soma mwanangu. Mwingine anahesabu kodi ya nyumba, pesa za kutuma Mombasa na ndugu wadogo.

Hesabu ya huyo wa pili si ya kupuuzwa. Shahada ya uzamivu katika historia au isimu huchukua miaka mitano hadi saba, pengine zaidi, na kazi ya kufundisha chuoni haina dhamana. Kwa hiyo sharti la kwanza ni ufadhili. Vyuo vikubwa vya Marekani huwasamehe ada wengi wa wanafunzi wao wa uzamivu na kuwalipa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti. Asiyepewa hayo ana haki ya kusubiri mwaka mwingine au kuacha kabisa. Na aliyepewa asiharakishwe: kwa makubaliano ya vyuo vingi vya huko, mwanafunzi halazimishwi kuijibu ahadi ya ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili.

Swali la pili, la nani, lina mfano wetu wenyewe. Mohammad Imam Abasheikh wa Barawa alisoma isimu katika chuo cha Illinois, Urbana-Champaign. Hapo alikuwapo profesa Charles Kisseberth. Makala yao ya pamoja juu ya Chimwiini, yaani Kibarawa, yalianza kutoka mwaka 1974. Tasnifu ya Abasheikh ilikamilika mwaka 1978, na kamusi yao kubwa ya Chimwiini ilichapishwa Tokyo mwaka 2004. Ni miaka thelathini ya kazi kati ya profesa aliyejua kuuliza na Mbarawa aliyeijua lugha ya mama yake. Na jina la Abasheikh limo juu ya jalada kama mtunzi, si chini kama mtu wa kushukuriwa. Hicho ndicho kipimo cha msimamizi: atazame kijana maandishi yake, aone wanafunzi wake wa zamani wako wapi, na majina yao yameandikwa wapi.

Lakini profesa naye ni msafiri. Alamin Mazrui wa Mombasa, mtunzi wa *Kilio cha Haki*, alifundisha Ohio State kwa miaka mingi kisha akahamia Rutgers, New Jersey. Aliyeiweka safari yake yote juu ya mtu mmoja huachwa njiani mtu huyo akihama, akistaafu au akifariki. Ndiyo maana desturi aliyoiandika Sheikh Farsy bado inafaa: awepo sheikh wa kwanza, na wawepo wengine wawili watatu wanaoijua kazi yako.

Kazi yenyewe ipo. Daftari la mahakama ya kadhi wa Barawa la miaka 1893 hadi 1900, lililoandikwa kwa Kiarabu, lilichapishwa mwaka 2006 kwa juhudi za Alessandra Vianello na Mohamed Kassim. Ndani yake zimo nyumba, mashamba, mahari na madeni ya babu zetu. Karatasi nyingine zimo katika masanduku ya familia, na wazee wanaoweza kueleza nani ni nani ndani yake wanapungua. Anayejua Kiarabu na Kibarawa, na anayeweza kuingia nyumba za Wabarawa bila kubisha mara mbili, ana kitu ambacho profesa yeyote wa historia hii atakihitaji. Aende kwake akijua hivyo, na amuulize maswali kama anavyoulizwa yeye.