Tsumo: Kushinda kwa kete uliyookota mwenyewe

Mgeni wa mahjong ya Kijapani anaweza kukamilisha kete zake, akashangilia, halafu akaambiwa hajashinda. Mara nyingi kilichokosekana ni yaku.

Wachezaji ni 4, kete 136. Kila mmoja anashika 13; zamu ikifika anaokota moja, anatupa moja. Anatafuta seti 4 za kete tatu tatu, za kufanana au za namba zinazofuatana, pamoja na jozi moja. Juu ya hapo lazima awe na yaku, yaani angalau mpangilio mmoja unaotambuliwa na sheria.

Tsumo inaokoa hapo. Anayeokota mwenyewe kete ya mwisho, bila kuwa amejenga seti yoyote kwa kete zilizotupwa na wenzake, anahesabiwa yaku kwa tendo hilo tu. Akishachukua hata moja ya wenzake, nafuu hiyo imekwisha, na itabidi awe na yaku nyingine. Wanaoanza hunasa hapa, maana kuchukua za wenzao kunaonekana njia ya mkato!

Kushinda kwa kete iliyotupwa na mwingine huitwa ron, na aliyeitupa analipa peke yake. Kwenye tsumo wanalipa wote watatu. Mkono wa pointi 8,000, wawili wanatoa 2,000 kila mmoja na oya, yaani kiongozi wa raundi, 4,000. Oya akishinda yeye, wote wanalipa sawa.

Na aliyewahi kutupa kete ileile anayoisubiri? Ron haruhusiwi. Imebaki tsumo tu.