Dawa Iliyotoka Kiweleni

Dolly anajulikana dunia nzima: kondoo aliyezaliwa Julai 1996 katika Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, akiwa nakala ya kondoo mwingine. Tracy hatajwi, ingawa bila kondoo wa aina yake huenda Dolly asingetafutwa kabisa.

Tracy alizaliwa hukohuko Roslin mwaka 1990. Malishoni usingemtofautisha na wenzake. Wanasayansi walichukua jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya kulinda mapafu, wakaiunganisha na swichi ya jeni ya kondoo inayofanya kazi kiweleni, kisha wakaidunga ndani ya yai lililokwisha kurutubishwa. Maziwa ya Tracy yakatoka na takriban gramu 35 za protini hiyo katika kila lita.

Njia ilikuwa imefunguliwa Marekani mwaka 1982, pale Richard Palmiter na Ralph Brinster walipowapa panya wadogo wa maabara jeni ya homoni ya kukua kutoka kwa panya wa jamii kubwa zaidi. Baadhi walikua karibu mara mbili ya ndugu zao. Ikiwa mnyama anaweza kutengeneza protini ya kiumbe kingine, kwa nini asiitoe mahali panapokamulika?

Taabu ilikuwa kwenye sindano. Mayai mengi yalidungwa, lakini waliozaliwa na jeni walikuwa wachache mno, na hata hao walipishana kwa utoaji. Ndipo Roslin wakatamani kumnakili mnyama mmoja aliyefaulu. Dolly alikuwa jaribio la njia tu. Lengo lenyewe lilikuwa Polly, aliyezaliwa 1997 akiwa na jeni ya binadamu ya kugandisha damu. Lakini magazeti yalikwisha kuchagua nyota wao.

Uholanzi nao walikuwa na fahali wao aliyetiwa jeni ya binadamu, Herman, aliyezaliwa 1990. Suala la kumruhusu apande majike lilifika hadi bungeni, na sheria ilipotaka achinjwe wananchi walipinga. Akazeekea kwenye jumba la makumbusho la Naturalis mjini Leiden, akafa mwaka 2004.

Biashara haikuwa na huruma hiyo. Dawa ya Tracy haikufika sokoni, na kampuni iliyoisimamia ikasambaratika. Waliofika ni mbuzi wa Massachusetts: ATryn, protini ya kuzuia damu isigande ovyo, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2006 na Marekani mwaka 2009. Watengenezaji walidai kwamba mbuzi mmoja kwa mwaka alitoa protini sawa na inayopatikana katika damu iliyochangiwa mara 90,000. Hata hivyo wagonjwa wanaoihitaji ni wachache, na baadaye dawa hiyo ikaondolewa sokoni huko Ulaya.

Dawa iliyodumu inatokana na mnyama ambaye wengi hawajawahi kumwona akikamuliwa, yaani sungura. Ruconest, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2010 na Marekani mwaka 2014, hutibu uvimbe wa ghafla wa kurithi unaoweza kuziba koo. Maziwa ya sungura ni kidogo, lakini wanyama hao huzaana upesi, na kwa ugonjwa adimu kama huo maziwa yao yanatosha.