Meno Meupe Tangu Zamani za Warumi

Ndugu mmoja wa Arusha ametuandikia barua. Anauliza watu wa kale, wasiokuwa na dawa za dukani za kung'arisha meno, walitumia nini, na kama sisi nasi twaweza kuvitumia vitu hivyo.

Warumi walisugua meno kwa unga. Mwandishi wao Plinius, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, ametaja majivu ya mifupa na maganda ya chaza. Wengine walisukutua kwa mkojo, na mshairi Catullus alimfanyia mzaha mtu mmoja wa Hispania kwa sababu hiyo. Lakini mkojo uliolala hutoa amonia, nayo kweli hung'oa uchafu.

Baadaye huko Ulaya vinyozi ndio walioshika kazi ya meno. Walikwangua jino kwa tupa, kisha wakalipaka tindikali. Mteja alitoka akicheka, meno yanametameta. Miaka ikipita yalioza, maana lile gamba gumu la nje likiisha kuliwa halioti tena.

Kwetu pwani tulikuwa na kijiti cha mti wa mswaki, na Waislamu hukitumia kwa kufuata sunna ya Mtume. Hata brashi ya plastiki imerithi jina la mti huo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi ya vijiti hivi, kwa kuwa nyuzi zake huondoa ukoga. Mkaa, kwa maoni yangu, haufai kusifiwa hivyo. Chembe zake huweza kukwaruza kama msasa.

Walakini nadhani ndugu yetu haulizi habari za ukoga. Pande za Mlima Meru wengi wana madoa ya kahawia. Madoa kama hayo yalimshangaza daktari McKay alipofika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901. Mwaka 1931 mkemia Churchill (siye yule Waziri Mkuu) alitambua sababu yake: floraidi nyingi katika maji ya kunywa. Doa hilo huingia jino lingali ndani ya ufizi wa mtoto. Ukilifuata kwa mkaa au mchanga, unakwangua jino lenyewe. Afadhali umwone daktari wa meno. Na wenye watoto wachanga huko, wakinge maji ya mvua yaliyo safi, wawanyweshe hayo mpaka wafike miaka minane hivi.