Shilingi yatimiza miaka 60, maduka ya Bariadi bado yataka noti

Juni 14, 2026 shilingi ya Tanzania inatimiza miaka 60 tangu Benki Kuu ifungue milango na kuanza kuitoa, ikichukua nafasi ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Kabla yake zilipita rupia na hela za Mjerumani.

Kadi ya benki haikuwahi kuota mizizi katika maduka madogo ya Bariadi. Ilibaki ya mtumishi kutolea mshahara. Huko Sweden, nchi iliyotoa noti za kwanza Ulaya mwaka 1661, leo kuna maduka yanayokataa noti. Hapa chenji inayokosekana bado hulipwa kwa pipi.

Kilichoingia ni simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Mwenye duka aliyekuwa akipanda basi la Mwanza na fedha za mzigo zimefungwa kwenye khanga akaanza kuzituma, na “tuma na ya kutolea” ikawa lugha ya kila siku.

Kisha ikaja tozo. Julai 15, 2021, katika miezi ya kuuza pamba, kila muamala wa kutuma na wa kutoa ukawekewa kati ya shilingi 10 na 10,000, juu ya makato ya kampuni za simu. Serikali ilisema fedha hizo ni za madarasa na vituo vya afya, na kweli vilihitajika. Lakini fedha ya mkulima iliyokwisha kukatwa wakati wa kutumwa ikakatwa tena wakati wa kutolewa. Kelele zikapanda nchi nzima, Rais Samia akaagiza suala litazamwe upya, na Septemba viwango vikashuka kwa asilimia 30. Mwaka 2022 tozo ikagusa na benki, kabla ya kupunguzwa tena Oktoba. Bajeti ya 2023 ikafuta ile ya kutuma.

Kwa maoni yangu hasara ilikwisha kuingia: watu waliokuwa wameizoea simu walikumbushwa kuwa noti haikatwi. Mwenye duka ana sababu nyingine ya kutaka noti, asiyoitamka: muamala huacha alama, na Mamlaka ya Mapato (TRA) wanajua kusoma.

Noti nayo ina makato yake. Benki Kuu iliziondoa zile za 1985 hadi 2003, na Aprili 5, 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha. Aliyezisahau sandukuni hana pa kuzipeleka.