Kipande: Neno moja, hesabu mbili katika mashamba ya mkonge

ANAYEELEZWA kuwa mtu fulani alifanya kazi "miezi sita" katika mashamba ya mkonge ya Morogoro enzi za ukoloni, hana budi kuuliza kwanza: miezi ya kalenda, au ya kipande?

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida, Marekani; 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907, njia ilifunguka kwa mashamba makubwa ya tambarare zilizo chini ya Milima ya Uluguru, kama vile Tungi, Pangawe na Kingolwira.

Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi iliyokubaliwa ilitiwa alama, na mshahara ulidaiwa kadi ilipojaa. Lakini "siku" hiyo haikupimwa kwa jua. Ilipimwa kwa ngwe: mafungu kadhaa ya majani ya mkonge, au mistari kadhaa ya kupalilia. Mkataji hodari aliweza kuimaliza mapema akaondoka. Aliyeshindwa aliweza kushinda shambani hadi jioni na kurudi bila alama. Siku za ugonjwa, msiba au kulima shamba lake mwenyewe hazikuhesabiwa. Hivyo "mwezi" mmoja wa kipande uliweza kuchukua majuma mengi kuliko mwezi wa kalenda, ilhali kodi ya serikali ilifuata kalenda. Hapo ndipo neno lilipomuumiza mtu mfukoni.

Kipande kiliwahusu hasa waliojiajiri wenyewe karibu na mashamba. Waliotoka mbali kwa mikataba mirefu waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa, jina ambalo nchini Kenya sasa humaanisha wapiga debe wa matatu.

Si kila kipande kilikuwa cha hiari. Huko Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani ulianzisha mwaka 1907 kadi zilizowalazimu wanaume kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi minne.

Nchini Kenya neno lilichukua njia nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa cheti cha kumtambulisha mwanamume Mwafrika, chenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, kikivaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Harry Thuku alikipinga hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hadi leo Mkenya akisema amepoteza kipande, huenda anazungumzia kitambulisho cha taifa. Mtanzania anayesoma nyaraka za zamani asipojua hilo atachanganya kadi ya mshahara na cheti cha udhibiti.

Programu za kompyuta za kufuatilia kazi zimerithi tatizo hilohilo. Jira, iliyotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya kufuatilia hitilafu, iliita kila jambo lililosajiliwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "tatizo", hata lilipokuwa likizo ya mfanyakazi au ununuzi wa viti. Mwaka 2025 kampuni ya Atlassian ilianza kulibadili kwa neno lenye maana ya "kazi". Watumiaji wengi, hata hivyo, waliendelea kusema "tiketi", jina ambalo Waingereza walikuwa wameshalitumia Afrika Mashariki kwa kadi ya siku 30.