Majani, Kuni na Amri ya COPY: Historia Fupi

Mimi niko hapa Kedowa, mvua inanyesha, na chai ni moto. Leo nina kisa cha bando.

Wakati fulani nilimaliza bando la wiki nzima nikipandisha imeji moja ya kontena kwenye seva. Programu yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya kuandika kilo za majani ambazo kila mkulima amepeleka kituoni. Lakini imeji ilizidi gigabaiti moja! Nilipoifungua nikakuta nimepakia kompaila, maktaba za kujengea, hata faili lenye nywila ya hifadhidata ya wakulima. Tuseme nilikuwa nimepeleka Mombasa chai pamoja na kuni za kiwandani.

Kiwanda cha chai hakifanyi hivyo. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kama kilo moja ya chai kavu, na hiyo kavu peke yake ndiyo inayoteremka kwenye mnada wa Mombasa. Kuni, mashine na maji yaliyokauka hubaki huku juu. Sisi waandika programu tulichelewa kujifunza jambo hilo.

Wazo la kutenga programu kwenye chumba chake ni la zamani. Mwito wa mfumo wa chroot ulikuwamo katika Unix toleo la 7, mwaka 1979. Docker ilionyeshwa hadharani Machi 2013, Solomon Hykes alipopanda jukwaani kwa dakika chache kwenye mkutano wa PyCon huko Marekani. Imeji zake hujengwa kwa matabaka, moja juu ya jingine. Hapo ndipo wengi tuliponaswa: ukinakili faili katika tabaka moja kisha ukalifuta katika tabaka la juu, halionekani tena, lakini bado limo! Uzito haupungui, na nywila inaweza kuchimbuliwa. Mimi nilifuta yangu kwa rm nikalala usingizi mzuri. Nilipogundua, nilibadilisha nywila usiku uleule.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuandika Dockerfile mbili: moja ya kujenga, nyingine ya kusafirisha. Katikati kulikuwa na skripti ya kuanzisha kontena, kutoa faili kwa docker cp, kulifuta kontena, kisha kujenga imeji ya pili. Ilifanya kazi, ila ilichosha, na skripti ilikuwa ya kwanza kuharibika.

Mei 2017, toleo la Docker 17.05 lilileta ujenzi wa hatua nyingi, kazi iliyoandikwa na Tõnis Tiigi. Sasa faili moja lina FROM mbili au zaidi, na COPY --from huchukua kitu kutoka hatua ya nyuma. Mwaka huohuo, toleo la 17.09 liliongeza --chown. Kabla ya hapo, kubadilisha mwenye faili kwa amri ya chown kulinakili faili zilezile katika tabaka jipya, na uzito ukaongezeka mara mbili.

Tukashangilia. Halafu likaja tatizo jipya: mistari ya COPY ikawa kumi, kumi na tano. Programu huku, mipangilio kule, picha pengine. Ukisahau mmoja, imeji inajengwa bila malalamiko, kisha programu inaanguka ikiwa tayari kazini. Tena COPY ikipewa folda hunakili vilivyomo ndani, si folda yenyewe, kwa hiyo kila folda ilidai mstari wake.

Jibu lilikuwepo kabla ya Docker kuzaliwa. Watengenezaji wa vifurushi vya Linux walizoea tangu miaka ya 1990 kusakinisha programu kwanza ndani ya folda tupu, kwa make install pamoja na DESTDIR, kisha kufunga folda hiyo nzima. Ni kama kituo cha kununulia majani: lori haliingii kila shamba, wakulima wanakusanya mahali pamoja nalo linabeba mara moja. Kwa hiyo katika hatua ya kujenga, panga kila kitu kilivyotakiwa kukaa ndani ya /mzigo, kisha andika mstari mmoja:

COPY --from=kiwanda /mzigo/ /

Basi! Docker nayo imeendelea kusaidia. Mwaka 2022 ilikuja --link, inayofanya tabaka lililonakiliwa lisitegemee yaliyo chini yake, hivyo msingi ukibadilika si lazima kunakili upya. Mwaka 2024 --parents ilianza katika toleo la majaribio, ili kunakili faili pamoja na njia ya folda zake.

Lakini hakuna amri inayojua kuni ni zipi na chai ni ipi. Hilo ni la kwako. Mimi nilipopanga /mzigo, imeji yangu ilishuka hadi makumi ya megabaiti, na nywila ya wakulima haimo tena. Kabla ya kupandisha imeji yako leo, fungua uone umebeba nini.

Haya, chai inapoa. Tukutane tena.