Kutoka Mavi ya Chuma hadi Vumbi la Risasi: Taka za Uyeyushaji katika Historia ya Pwani ya Kenya

Kamusi za kale za Kiswahili zimehifadhi istilahi *mavi ya chuma*, yaani masalia yanayobaki tanurini baada ya chuma kuyeyushwa. Al-Idrisi, alipoandika katika karne ya 12, aliieleza Malindi kuwa mji uliotegemea chuma kwa biashara yake. Si ajabu kwamba jamii iliyoishi na tanuri ilizipa jina taka zake. Masalia hayo huwa mawe mazito, aghalabu yenye mng'ao wa kioo. Huonekana kwa macho na hukaa yalipotupwa, ndiyo maana wanaakiolojia huyaokota hadi leo.

Tanuri lililoanza kazi mwaka 2007 kando ya kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, lilikuwa la namna nyingine. Liliyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Hapa taka iliyodhuru zaidi haikuwa rundo la kuonyeshwa kwa kidole. Ilikuwa moshi, vumbi lililotua katika makazi ya watu wapatao 3,000, na maji machafu yaliyotoka kiwandani. Mtoto anayetambaa humeza vumbi hilo kwa vidole vyake, na Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Lugha yetu haikuwa tayari kwa taka hii. Asikiapo *risasi*, msikilizaji hufikiria kwanza bunduki. Kumwambia mzazi kwamba damu ya mwanawe ina risasi ni kumtatiza kabla ya kumwonya. Watangazaji hujaribu kuondoa utata kwa kusema *madini ya risasi*, nasi twaona wanazidisha tatizo: madini, katika mazoea ya wasemaji, ni mali ya ardhini, na katika zahanati ni kirutubisho kinachotajwa pamoja na vitamini.

Phyllis Omido, mwajiriwa wa kiwanda hicho, alipendekeza kihamishwe. Baadaye mwanawe akagunduliwa kuwa na risasi mwilini, naye akaanzisha harakati. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru eneo lisafishwe, ikizitia hatiani taasisi za serikali pamoja na mwekezaji. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kwa muda huo wote tanuri lilikuwa limezimwa, lakini risasi haiozi, na udongo ni uleule.

Kwa wanaoandaa mabango, fomu za upimaji wa damu na mikutano ya tathmini ya athari kwa mazingira, tunapendekeza *sumu ya risasi* kwa maradhi na *vumbi la risasi* kwa taka yenyewe, na istilahi hizo ziwafikie wakazi kabla ya leseni kutolewa.